Kuamsha mapaja ya mkwezi: shajara ya mradi wa umeme wa misuli, Pangani

Januari, wiki ya kwanza

Mashine imefika. Ni kisanduku kinachoenea kiganjani, chenye njia mbili za kutoa umeme, betri ya volti 9 na nyaya nne nyembamba za kwenda kwenye elektrodi, vile vipande vinavyobandikwa kwenye ngozi kupitisha umeme. Kila anayeingia kituoni anaiulizia, na tayari imeshapewa jina: mashine ya shoti. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya mradi. Uzito uko kwenye kujua msuli upi unafaa kupewa umeme, wa nani, kwa kiasi gani, na kwa ahadi gani.

Mradi wenyewe ni mdogo. Tupo watu wachache wa tiba ya viungo huku pwani ya Tanga, na fundi mmoja wa vifaa tiba anayetusaidia anapopata nafasi. Tunachotaka kujua ni kama tiba hii inaweza kuhamia nyumbani kwa mgonjwa, ikafanywa na ndugu zake siku nyingi za wiki, sisi tukabaki kupima na kurekebisha. Msuli uliopooza haujengeki kwa kuguswa na umeme mara moja kila mgonjwa anapopata nauli ya kuja kituoni.

Tunaanza na watu watatu. Wa kwanza ni mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini, amepooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Wa pili ni bibi aliyepata kiharusi upande wa kulia. Wa tatu ni kijana wa bodaboda ambaye mkono wake wa kushoto umelegea wote baada ya ajali. Wamekubali niandike habari zao bila kuwataja majina.

Jambo moja la kuweka wazi mapema. Madukani zinauzwa mashine za TENS za kutuliza maumivu, na kwa macho zinafanana sana na yetu. Kazi ya hizo za madukani ni kugusa neva za hisia. Ya kwetu imetengenezwa ili msuli ukaze, ukae umekaza kwa sekunde kadhaa, kisha upumzike. Mtu akinunua ya maumivu akitarajia paja linenepe, ametupa pesa yake.

Januari, upimaji

Leo kutwa nzima ilikuwa ya kupima tu, na nimeridhika ilivyokwenda.

Neva zinazoendesha msuli zina ngazi mbili. Ya juu hutoka ubongoni ikashuka ndani ya ugwe mgongo, ile kamba ya neva iliyomo katikati ya pingili. Ya chini huanzia ndani ya ugwe, ikatoka nje na kufika kwenye msuli wenyewe. Mtu hupooza ngazi yoyote kati ya hizo ikikatika, na kwa nje miguu miwili iliyopooza huonekana sawa kabisa. Kwa umeme haiko sawa hata kidogo. Mashine kama yetu haisisimui nyuzi za msuli moja kwa moja. Inasisimua neva ya ngazi ya chini, na hiyo neva ndiyo inayoamrisha msuli. Ngazi ya juu ikikatika huku ya chini ikiwa hai, tuna kazi ya kufanya. Ya chini ikifa, mashine hii haina wa kuzungumza naye.

Mkwezi alivunjika pingili ya tisa ya kifua. Ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza ya kiuno, kwa hiyo seli za neva za mapaja yake ziko chini ya pale palipoumia, na zimesalimika. Nilipogonga chini ya goti kwa nyundo, mguu uliruka juu kwa nguvu. Mkewe alishtuka, akaniambia kuwa hata usiku miguu hurukaruka yenyewe mpaka inamwamsha. Mara nyingi familia huichukulia dalili hiyo kuwa ni mguu unataka kurudi, wengine huiogopa kama jambo la mashetani. Nikamweleza, "Shemeji, kule chini neva zipo hai. Kilichokatika ni njia ya kupeleka amri kutoka kichwani." Angeumia pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, huenda miguu ingelegea moja kwa moja, bila kuruka, na mazungumzo yetu yangekuwa mengine.

Tumeuliza pia yale ya lazima: kifaa cha kuendesha moyo kilichopandikizwa, ujauzito, saratani, kifafa, damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, vidonda pale elektrodi zitakapokaa. Kwa aliyeumia pingili ya sita ya kifua au juu zaidi kuna hatari ya ziada: shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla mwili unaposisimuliwa chini ya jeraha, kichwa kikauma kwa kugonga na uso ukatoka jasho. Mkwezi yupo chini ya hapo. Hata hivyo tutakuwa tunapima presha kila kipindi cha mwanzo.

Februari, umeme wa kwanza

Tulianzia mapaja. Elektrodi mbili kubwa kwa kila paja, moja juu upande wa nje, nyingine chini upande wa ndani, juu kidogo ya goti. Mipangilio: mapigo 35 kwa sekunde, yaani hezi 35, upana wa kila mpigo mikrosekunde 300, mpigo unaokwenda na kurudi, ili chaji isirundikane upande mmoja na kuunguza ngozi. Umeme unapanda taratibu kwa sekunde mbili, unakaza kwa sekunde tano, kisha kimya sekunde ishirini.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Tulipanda hadi miliampea 50, paja limetulia. Mkewe ndiye aliyetupa jibu bila kujua, aliposema kwamba humpaka mafuta ya nazi kila asubuhi ili ngozi isikauke. Mafuta hayapitishi umeme. Tuliosha mapaja yote kwa sabuni na maji ya vuguvugu, tukakausha, tukabandika upya. Kwa miliampea 60 na kitu ngozi ikaanza kutetemeka, na tulipoongeza kidogo, msuli wa ndani ya paja ukajikusanya, ukasimama kama kitu kilichokuwa kimejificha.

Mkwezi alikuwa anautazama mguu wake bila kupepesa. Hausikii. Hasikii umeme wala mkono wangu juu ya paja lake, ila aliona. Akauliza, "Dokta, ndiyo natembea?"

Swali hilo nililitarajia, na niliona ni haki yake kujibiwa siku ileile. "Kaka, hapana. Mashine haiungi kilichokatika mgongoni. Inachoweza ni kuurudishia mguu nyama, damu ipite vizuri, na ukikaa usikalie mifupa." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema tuendelee, maana huo mguu ameubeba mwaka mzima kama kuni na leo ndiyo mara ya kwanza kauona ukifanya kazi.

Elimu ya tiba hii inawafaa watu zaidi ikitolewa namna hii, kabla tumaini halijawa deni. Nguvu ya msuli na kutembea ni vitu viwili. Kutembea kunahitaji amri, mizani, hisia ya mguu uko wapi, na misuli mingi inayopokezana kwa sehemu ndogo za sekunde. Nguvu ya msuli ni jambo dogo kuliko hilo, lakini kwa mtu anayeshinda kwenye kiti mwendo lina faida za kila siku, na linapatikana.

Machi, kuchoka

Paja la mkwezi linachoka haraka mno. Linakaza vizuri mara chache za kwanza, kisha linalegea huku umeme ni uleule. Mkewe alidhani betri imekwisha.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni msuli wenyewe. Mtu akipooza, nyuzi za msuli zenye ustahimilivu, zile za kusimama na kutembea kutwa, hugeuka polepole na kuwa nyuzi za haraka zenye nguvu fupi. Msuli wa mwaka mmoja wa kupooza umesinyaa na umebadilika tabia.

Sababu ya pili inatokana na umeme. Ubongo unapoamrisha msuli, huziamsha seli za neva kwa kupokezana. Hizi zikifanya kazi zile zinapumzika, na mapigo machache kwa sekunde yanatosha kuleta mkazo laini. Sisi tunaamsha nyuzi zilezile zote kwa pamoja, kila mpigo, na tunaanza na neva nene, ambazo ndizo nyepesi kuamshwa kwa umeme wa nje. Hakuna zamu. Tukishusha mapigo chini ya 20 kwa sekunde, mguu unatetemeka badala ya kukaza. Tukipandisha hadi 50, unakaza vizuri zaidi lakini unachoka mapema zaidi. Kwa hiyo tumebaki kwenye 30 hadi 35, tumeongeza upana wa mpigo hadi mikrosekunde 400, na muda wa kupumzika tumeuacha mrefu. Baada ya wiki kadhaa tutaanza kuupunguza, tukielekea sekunde kumi za kukaza kwa kumi za kupumzika. Hapo ndipo ustahimilivu hujengwa.

Machi, alama za hina

Kwenye kila msuli kuna mahali ambapo neva huingia, na elektrodi ikikaa hapo umeme kidogo unaleta mkazo mkubwa. Tunapatafuta kwa elektrodi ndogo ya ncha, tukiisogeza kidogo kidogo na kutazama. Ukikosea vidole viwili, msuli unakaza nusu au unakaza wa jirani.

Kituoni hilo ni rahisi. Nyumbani, mke wa mkwezi anabaki peke yake na mapaja mawili na elektrodi nne. Kalamu ya wino inafutika akiogeshwa. Yeye mwenyewe akasema, "Si tuweke hina?" Tukaweka hina ya majani, nukta nne, na zinakaa vizuri mpaka ziara yetu inayofuata. Niliwasihi wasitumie piko. Piko ya dukani mara nyingi huwa na kemikali inayounguza ngozi ya baadhi ya watu, na ngozi ya mkwezi haiwezi kumwambia kuwa inaungua.

Hili la ngozi isiyo na hisia ndilo ninalolisisitiza kila ninapokwenda. Mtu mwenye hisia elektrodi ikilegea upande mmoja, umeme ukakusanyika kwenye sehemu ndogo, ataruka na kupiga kelele. Asiye na hisia atabaki anazungumza na wageni huku anapata kidonda. Kwa hiyo sheria ya nyumba hii ni moja: ngozi inaangaliwa kabla na baada, kwa mwanga wa mchana. Wekundu mwepesi unaofifia ndani ya nusu saa ni kawaida. Wekundu unaobaki, au lengelenge, tiba inasimama na simu inapigwa.

Machi, video

Mtoto wa kaka yake amemwonyesha mkwezi video ya mtu aliyepooza anayetembea kwa umeme, na leo tulizungumza hilo tu.

Sikutaka kumwambia kuwa ni uongo, kwa sababu si uongo. Mwaka 1983 huko Ohio, Marekani, Nan Davis, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wright State aliyepooza kwa ajali ya gari, alisimama akapiga hatua kwenda kupokea shahada yake, misuli ya miguu ikiendeshwa na kompyuta ya mtafiti Jerrold Petrofsky. Dunia nzima ilitazama. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na wengi sana wenye jeraha la namna hiyo bado wanatumia kiti, kwa sababu misuli inayosisimuliwa huchoka haraka na mwili uliosimama bila hisia huanguka. Siku hizi kuna pia madaktari wanaopandikiza vifaa vya umeme juu ya ugwe mgongo wenyewe. Kundi la mtafiti Grégoire Courtine huko Lausanne, Uswisi, lilitangaza mwaka 2018 watu waliokuwa wamepooza wakaweza kupiga hatua kwa njia hiyo, pamoja na mazoezi mazito ya miezi mingi. Hiyo ni operesheni, na ni tiba nyingine. Tunachofanya Pangani ni kulinda misuli na ngozi ya mtu leo.

Mkwezi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza hao wa Uswisi wangeanza na mtu wa miguu gani, iliyonyauka au iliyotunzwa. Nilimwambia ukweli, kwamba mguu uliotunzwa ndio unaofaa kwa lolote litakalokuja.

Machi, bibi

Bibi ninamwendea asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nikimwamkia anaitika "Marahaba mjukuu wangu" kwa ulimi uliokwisha kunyooka tena, ila mguu wa kulia bado unaburuza. Kidole gumba kinakwaruza sakafu, na tayari ameanguka uani.

Kwake hali ni tofauti na ya mkwezi kwa jambo moja kubwa: anahisi, na ubongo wake bado unatuma amri hafifu. Kwenye kipimo chetu cha nguvu cha 0 hadi 5, msuli unaoinua mguu mbele ya muundi alikuwa na 1, yaani unaonekana ukishtuka bila kuinua kitu. Kifundo cha mkono vilevile.

Neva inayoinua mguu hupita nje ya goti, ikauzunguka mfupa mwembamba wa muundi chini kidogo ya kichwa chake. Iko juujuu kiasi kwamba ukipapasa utaisikia ikiteleza chini ya kidole. Hapo tunaweka elektrodi moja, na ya pili juu ya msuli wa mbele ya muundi. Mwaka 1961 daktari Wladimir Liberson na wenzake, Marekani, walipata wazo la kuweka swichi chini ya kisigino: kisigino kikiinuka, umeme unawaka na mguu unainuka wakati wa kupita hewani, kisigino kikikanyaga, umeme unazima. Ljubljana nchini Slovenia wakaliendeleza sana miaka iliyofuata. Kwetu, mashine ina tundu la kitufe cha mkononi, na fundi amekibadilisha kitufe hicho kwa swichi bapa iliyokaa ndani ya kiatu cha bibi cha kamba. Swichi inapitisha ishara ndogo tu ya kuiambia mashine, haipitishi umeme wa tiba.

Ilichukua muda kupata mahali sahihi. Elektrodi ya juu ikirudi nyuma kidogo, mguu unapinda nje. Ikija mbele, unapinda ndani. Leo ametembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kidole hakikugusa sakafu. Alisimama mlangoni akaugeukia mguu. "Huu ndio wangu," akasema.

Kwa mkono tunafanya kwa mtindo mwingine. Namwambia, "Bibi, tia nia ya kuinua mkono, kaza moyo, umeme utakukuta njiani." Bila nia yake, umeme huinua mkono kisha mkono unarudi palepale. Anapotia nia kwa wakati uleule, ubongo unapata kutuma amri na kuona matokeo yake pamoja. Kwa hiyo hatumruhusu kufanya mazoezi haya huku anasikiliza redio, ingawa redio anaipenda.

Aprili, kijana

Mkono wa kijana haukujibu. Tumejaribu bega, sehemu ya mbele ya mkono wa juu, na kiwiko hadi kifundo, kwa mipangilio yote ambayo mashine inaweza, na hakuna hata mshtuko mdogo. Msuli wa mkono mwingine, kwa mpigo uleule, ulikaza mara moja.

Ndiyo tuliyoyahofia kwenye upimaji. Alipoanguka, bega lilivutwa upande mmoja na shingo upande mwingine, na shada la neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi likararuka. Mkono umelegea, hauruki ukigongwa, nyama imekwisha upesi. Ngazi ya chini ndiyo iliyokatika.

Msuli usio na neva si kwamba hausikii umeme kabisa, ila unataka mpigo mrefu sana. Neva huamka kwa mpigo ulio chini ya milisekunde moja. Msuli mtupu unahitaji milisekunde nyingi. Huko Vienna, Austria, daktari Helmut Kern na wenzake walifundisha mapaja yaliyopoteza neva kwa mapigo ya milisekunde 100 na zaidi, kwa mashine maalumu, elektrodi kubwa, na mazoezi ya nyumbani ya miaka. Mpigo wetu mrefu kuliko yote ni mikrosekunde 400, yaani haufiki hata nusu ya milisekunde moja. Wao wanatumia uliouzidi zaidi ya mara 200. Kuongeza nguvu kwenye mashine yetu kungemchoma ngozi tu.

Kwa hiyo tumemtoa kwenye mradi, na nimeandika barua ya rufaa siku hiyohiyo. Kinachoweza kumsaidia kijana huyu ni upasuaji wa neva, na wapasuaji hutaka kumwona mtu kama huyu ndani ya miezi michache ya mwanzo, kwa sababu msuli ukikaa bila neva mwaka na zaidi, hata neva mpya ikifika haikuti kitu cha kuamrisha. Mama yake alikuwa ameambiwa na watu akamnunulie mashine ya umeme, amkande nayo kila siku, asubiri. Nilimwomba asisubiri. Nauli ya kwenda hospitali kubwa ina thamani kuliko mashine yoyote ninayoijua, na nilimwambia hivyo mbele ya baba mdogo wa kijana, ambaye ndiye mwenye kauli katika pesa za nyumba.

Naandika kwa kirefu kwa sababu naona hapa ndipo watu wanapoibiwa muda. Mtu akikuuzia tiba ya umeme bila kukugonga kwa nyundo na bila kujaribu kama msuli unajibu, ondoka.

Aprili, masika

Mvua haikatiki. Barabara ya kwenda kwa mkwezi imejaa maji, na tumemsimamia kwa simu.

Umeme wa gridi ulikuwa ukikatika mchana kutwa, lakini mashine ni ya betri, na kwetu haikuwa shida. Kuna kijana mwema mtaani aliyejitolea kutengeneza mashine kubwa ya kuchomeka ukutani. Nilimshukuru na kumkatalia. Kifaa chochote cha kumgusisha mtu umeme wa ukutani bila kinga iliyopimwa kinaweza kusimamisha moyo.

Shida yetu ni elektrodi. Zile za kujibandika zina jeli juu yake, na jeli hiyo kwa joto na unyevu wa pwani hulainika, hushika nywele na vumbi, ikaacha kushika sawasawa. Kuagiza nyingine kila mwezi ni gharama isiyobebeka. Tumerudi kwenye mtindo wa zamani: elektrodi za mpira wenye kaboni, chini yake sponji iliyoloweshwa maji safi ya bomba, juu bandeji ya kuvuta. Zinadumu sana, zinaoshwa, ila sponji ikikauka katikati ya kipindi ngozi inaungua. Mke wa mkwezi ameweka bakuli la maji pembeni, na analowesha kila mashine inaponyamaza.

Halafu mkwezi akapata homa. Miguu ilianza kurukaruka kuliko kawaida kabla homa haijapanda, na mkewe, ambaye sasa anaisoma miguu hiyo kuliko mimi, akahisi kuna kitu. Ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, balaa la kawaida kwa wanaotumia mpira wa mkojo. Tulisimamisha umeme mpaka alipomaliza dawa. Tuliporudi, mapaja yalikuwa yamepoteza sehemu ya yale waliyoyajenga, ila si yote.

Juni

Goti linanyooka. Mkwezi akikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, umeme unaunyanyua mguu mpaka karibu unyooke wote, unaushikilia, unaushusha. Tumeanza kufunga mfuko mdogo wa mchanga kwenye kifundo, kwa sababu msuli usiopewa mzigo hauongezeki.

Mzigo tunauongeza kwa hofu, na hofu hiyo ina sababu. Mifupa ya miguu isiyobeba mwili hupoteza madini haraka, hasa karibu na goti, na msuli wenye nguvu mpya unaweza kuvunja mfupa dhaifu bila mwenyewe kusikia maumivu. Dalili ingekuwa uvimbe, joto au mguu kubadilika umbo, na mkewe amefundishwa kuangalia yote matatu. Ndiyo maana pia nimelizuia kwa sasa lile wazo zuri la fundi baiskeli.

Wazo lenyewe ni hili. Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi mmoja anayemfahamu mkwezi amejitolea kutengeneza pedali za kukalia, miguu ifungwe, umeme upokezane kati ya mapaja ya mbele, ya nyuma na makalio. Jambo hilo lipo duniani. Mwaka 2016 huko Uswisi, kwenye mashindano ya Cybathlon, waliopooza walishindana kuendesha baiskeli kwa misuli yao inayosisimuliwa, na timu ya Cleveland iliyoshinda ilitumia elektrodi zilizopandikizwa ndani ya mwili. Lakini pedali zinataka njia nyingi za umeme kuliko mbili tulizonazo, kipimo cha kujua pedali iko upande gani, na mifupa iliyopigwa picha kwanza. Fundi ameelewa. Ameanza na stendi tu, ya kuzungusha miguu kwa mkono.

Julai, makalio

Nadhani hapa ndipo mradi umetoa faida iliyo wazi kuliko zote, na hatukuupanga hivyo.

Mkwezi alikuja kwetu akiwa na kidonda cha mgandamizo kilichopona nusu karibu na mfupa wa kukalia. Makalio yakisinyaa, ngozi inabanwa kati ya mfupa na kiti, damu haipiti. Kidonda kilipofunga kabisa, tulihamishia njia moja ya mashine kwenye makalio. Kila yanapokaza, umbo hubadilika, mgandamizo unaondoka pale ulipokuwa, damu inaingia. Hatukuacha mambo ya kawaida: mto mzuri, kujiinua kwa mikono mara kwa mara, kugeuzwa usiku. Umeme umekaa juu ya hayo, haujachukua nafasi yake.

Utepe wa kupimia unaonyesha mapaja yote mawili yameongezeka mzunguko kwa zaidi ya sentimita moja pale tunapopima, kiganja kimoja juu ya goti. Ngozi ya makalio imekuwa laini na ina rangi sawasawa. Mkewe anasema miguu haimwamshi usiku kama zamani. Hilo naliandika kama alivyolisema, maana kwa wengine umeme huzidisha kukakamaa badala ya kupunguza, na tunaendelea kufuatilia. Na mkwezi ameanza kukaa barazani mchana kutwa akisokota kamba za makumbi, kazi ambayo kidonda kilikuwa kimemkatalia.

Bibi amefika 2 mguuni, na kifundo cha mkono kinakaribia. Anatembea uani bila mashine asubuhi, na kwa mashine jioni akichoka.

Agosti

Kijana ameonwa na mpasuaji na amepangiwa tarehe. Mama yake alituma ujumbe wa sauti.

Tumepokea watu wapya, na sharti letu la kwanza ni nyundo, kisha jaribio la msuli kujibu, kisha ndipo jina linaingia daftarini. Mke wa mkwezi amekubali kuja kituoni siku za mafunzo kuwaonyesha ndugu wa wagonjwa wengine namna ya kupata nukta, kulowesha sponji na kuangalia ngozi. Anaeleza vizuri kuliko sisi, na watu humuuliza mambo ambayo wanaona haya kumuuliza mtu aliyevaa koti jeupe.

Mahitaji ya mwezi ujao: mashine ya pili yenye njia nne, sponji, bandeji za kuvuta, na picha ya mifupa ya magoti ya mkwezi kabla mfuko wa mchanga haujaongezwa tena.